Kaka anataka tujaze duka msimu wa sikukuu, mimi naiogopa Januari

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na wachumba. Yangu ni ya duka, ingawa ukiisoma hadi mwisho utaona undugu nao umo. Mimi na kaka yangu mkubwa tuna duka kwenye barabara kuu ya mji mdogo. Tunauza vyombo vya nyumbani, nguo za watoto, madaftari, balbu, betri na vitu vya aina hiyo. Mtaji tuliweka nusu kwa nusu. Yeye ndiye anayeshughulika na wauzaji wa jumla; mimi nakaa kaunta na kufunga hesabu jioni. Mgawanyo huo hautuletei maneno mwaka mzima, mpaka sikukuu za mwisho wa mwaka zikaribie.

Sasa zinakaribia, na muuzaji wetu wa jumla ameshaanza kupiga simu. Anataka kutupa mali kauli, maradufu ya ile tuliyochukua mwaka jana: midoli, taa za mapambo, seti za zawadi zilizokwisha kufungwa, kalenda na shajara za mwaka ujao. Tulipe baada ya siku 60. Kaka amefurahi mno. Anasema duka lililojaa ndilo linaloita wateja, na kwamba miezi yote hii tunavumilia kwa ajili ya wiki hizi chache. Anataka pia tushushe bei ya kila kitu kwa asilimia 20 na tubandike karatasi nyekundu mlangoni, tushindane na lile duka kubwa lililofunguliwa nje ya mji, lenye maegesho ya magari. Tena tufungue mpaka saa sita usiku, na siku ya sikukuu yenyewe tusifunge.

Mimi sitaki. Karibu yote hayo siyataki, ndiyo maana nakuandikia kabla hajatia saini.

Nianze na punguzo, kwa sababu hilo ni hesabu tu, na hesabu haiulizi nani kazaliwa kwanza. Kitu tulichokinunua kwa 70 tunakiuza kwa 100. Tunabaki na 30, na humo humo kuna kodi ya pango, umeme na mshahara wa kijana anayetusaidia. Ukitoa asilimia 20, bei inakuwa 80 na tunabaki na 10. Ili niipate ile 30 yangu, lazima niuze vitatu pale nilipokuwa nauza kimoja. Kweli wageni wanakuja, watoto wa watu wanaorudi kuwaona wazazi, mji unachangamka. Lakini mara tatu? Nilimwandikia kaka hesabu hiyo kwenye karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaniambia: "Wewe unahesabu faida ya kitu kimoja, mimi nahesabu watu wanaoingia mlangoni."

Wanaoingia mlangoni nawaona mimi, Shangazi, maana ndiye niliye kaunta. Duka kubwa linaweza kuuza mdoli kwa hasara, kwa sababu aliyefuata mdoli atatoka na toroli limejaa vitu vingine, na hivyo vingine havikupunguzwa bei. Tena wananunua mzigo mkubwa hata bei wanayopewa sisi hatutaiona maishani. Kwetu mtu anaingia na haja moja, anatoka na kitu kimoja. Nikimpunguzia hicho kimoja, nimepunguza chote.

Kuhusu mali kauli, siku 60 zinasikika nyingi zikitamkwa. Lakini mzigo ukiingia katikati ya Novemba, deni linaiva katikati ya Januari, wakati mtu akiingia dukani anauliza bei tu na kuondoka. Kalenda ambayo haijapata mnunuzi kufikia wiki ya pili ya Januari ni karatasi. Taa za mapambo zilizododa unaweza kuzirudisha kwenye boksi, zisubiri hadi mwaka unaofuata, ila pesa yako imelala humo, na muuzaji hatakubali kulipwa kwa boksi. Nilimwomba kaka angalau tudai makubaliano ya kurudisha zisizouzwa, hata kama ni nusu ya mzigo. Alisema muuzaji atatuona wachovu. Mimi naona muuzaji anayekataa kabisa kupokea hata kitu kimoja naye anajua nini kitadoda.

Ninachotaka mimi kinamchekesha. Nataka kuuza betri.

Kila msimu naliona jambo lile lile. Watu wanakwenda mbali, wengine wanaagiza kwa simu, wananunua vitu vya kuchezea vinavyolia na kuwaka taa. Siku moja kabla ya sikukuu, jioni, wanagundua ndani hamna betri. Au taa za mapambo wamezipata, ekstensheni hawana. Zawadi ipo, karatasi ya kufungia haipo, selotepu haipo, mkasi umepotea. Balbu ya sebuleni inaungua wageni wakiwa njiani. Hapo hakuna anayepanda gari kwenda nje ya mji wala kusubiri mzigo wa intaneti. Wanakuja kwetu mbio, na hakuna anayekumbuka kuuliza punguzo. Betri hazichukui nafasi, zina tarehe ya mbali, na Januari bado zinauzwa. Soksi za watoto vivyo hivyo, sufuria za saizi kubwa vivyo hivyo, kwa sababu nyumba iliyojaa wageni hugundua kwamba sufuria yake ni ndogo. Kaka anasema duka la barabara kuu haliwezi kupambwa kwa betri na sufuria. Labda ni kweli. Basi tuweke midoli michache mizuri dirishani, tuilipie taslimu, ikiisha imeisha.

Yeye hupenda kunionyesha kwenye simu jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyofanya, hasa hiyo Ijumaa Nyeusi ya Marekani, siku ya punguzo kubwa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani na kufungua msimu wa manunuzi ya Krismasi. Nami nikaanza kusoma, nisiwe mtu wa kukaa kimya. Nilichokuta ni kwamba tamaa ya kuurefusha msimu ni ya zamani. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na hiyo sikukuu ya Shukrani, ambayo kwa desturi ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo, ilikuwa iangukie tarehe 30. Wafanyabiashara wakalalamika kwamba siku za kuuza kabla ya Krismasi zitakuwa chache, na Rais Franklin Roosevelt akaiwahisha sikukuu kwa wiki moja. Nchi ikagawanyika, baadhi ya majimbo yakafuata, mengine yakakataa, hadi Bunge lao lilipoamua mwaka 1941 kwamba itakuwa Alhamisi ya nne. Nilimsomea kaka habari hiyo nikidhani itanisaidia. Akasema: "Unaona? Hata Rais aliwasikiliza wenye maduka." Nikakosa la kusema.

Lakini humo humo nilikuta jambo jingine. Jumamosi inayofuata hiyo Ijumaa Nyeusi wanaiita siku ya biashara ndogo. Ilianza mwaka 2010, na Uingereza wakaiiga 2013. Watu wanahimizwa kununua katika maduka madogo ya kwao. (Walioianzisha ni American Express, kampuni ya kadi za malipo, ambayo nayo hukata chake kila kadi yake inapotumika. Hakuna anayemwonea huruma mwenye duka bure.) Kilichonivutia ni kwamba kivutio cha siku hiyo si lazima kiwe bei, ni barabara yenyewe. Nikawaambia majirani zetu, mwenye viatu, fundi saa, mama wa vitambaa, kwamba tuchague Jumamosi moja, wote tufungue mpaka saa mbili usiku, taa ziwake mbele ya kila mlango, mteja asikute mlango huu wazi na huo mwingine giza. Walikubali wote. Maana barabara kama yetu ikiwa na milango mitatu imefungwa, mtu hageuki kuingia kwa wanne waliobaki. Sasa kaka akishusha bei zake peke yake usiku huo huo, fundi saa na mama wa vitambaa wataniambia nini? Watasema niliwaita ili niwapige chenga.

Shangazi, kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ni daftari la madeni.

Tuna wateja wanaokopa kwetu mwaka mzima. Nawajua, najua nani analipa mwisho wa mwezi na nani ni wa kukumbushwa. Sikukuu ikifika wanapata pesa, wengine bonasi, wengine wametumiwa na watoto wao, na pesa hiyo taslimu wanaipeleka duka kubwa. Wakirudi wanapita upande ule wa pili wa barabara, mifuko mikononi, wakijifanya wanatazama mbele. Januari wanavuka. "Dada, niandikie, nitalipa." Mwaka jana mmoja hakupita upande wa pili, aliingia kabisa na kitu alichokinunua huko, akaniomba nimfungie zawadi kwa sababu mimi nina mkono mzuri. Nikamfungia. Hata karatasi sikumtoza. Alipotoka kijana wangu wa dukani alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikacheka, ila usiku sikuona la kuchekesha.

Kaka anasema hilo hasa ndilo linalothibitisha maneno yake, kwamba tukishusha bei watabaki kwetu. Mimi sidhani. Wanakwenda kule kwa sababu kule hawadaiwi. Mtu mwenye deni kwenye daftari anaona haya kuingia na pesa mkononi akanunue mdoli, wakati jina lake liko chini ya kaunta. Akiingia atalazimika kulipa kwanza. Punguzo halitibu aibu hiyo. Nimewaza niwatangazie kwamba atakayepunguza deni lake kabla ya sikukuu, hata kidogo, Januari daftari liko wazi kwake, na asiyepunguza atasubiri. Tena nimwambie kila mmoja peke yake, si kwa kubandika ukutani. Au niwaruhusu kuweka akiba kidogo kidogo kuanzia sasa kwa kitu wanachokitaka, nikiweke kando kina jina lao, wakichukue wakimaliza kulipa. Hiyo pia ingenisaidia kujua cha kuagiza kabla sijaagiza. Lakini naogopa nitaonekana nimegeuka mkali, na mji wetu ni mdogo, neno linafika nyumbani kabla yako.

Hayo mengine ni madogo. Kufungua hadi saa sita usiku sikukubali, kwa sababu baada ya saa tatu barabara yetu hupita mbwa na walinzi, na kijana wetu anatembea kwa miguu kurudi kwao. Siku ya sikukuu yenyewe tutafunga. Hapo nimesema la, na mama yetu yuko upande wangu, basi limekwisha. Chenji nimeshaanza kuiweka.

Linabaki la kaka. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Sijawahi kumpinga mbele ya mtu, na huyu muuzaji wa jumla ni rafiki yake wa siku nyingi. Kukataa mzigo wake kaka anakuona kama kumvunjia heshima rafiki. Nikisema nyumbani ananisikiliza, anatikisa kichwa, kesho yake anaendelea na mpango wake. Nikisema dukani mbele ya muuzaji, nitakuwa nimemwaibisha. Na sehemu ya mtaji ni yangu. Deni likiiva Januari tutalilipa wote, si yeye peke yake.

Nilifikiria kumwambia hivi: achukue mzigo huo kwa nusu yake ya mtaji, mimi niagize vyangu kwa nusu yangu, tuandike vitabu viwili, na mwisho wa Januari tuvitazame pamoja. Rafiki yangu mmoja ananionya kwamba ndugu wakishaanza kuandika vitabu viwili hawarudi kwenye kimoja. Mwingine anasema niache achukue mzigo ajionee mwenyewe, lakini mtaji hautoshi kwa somo la namna hiyo.

Kwa hiyo nakuuliza, Shangazi, wewe na wasomaji wenye maduka. Vitabu viwili, nijaribu au nisijaribu? Kama nisijaribu, nani ampelekee kaka neno: mama, au fundi saa ambaye ni rika lake na anaheshimiana naye? Na wale wa daftari niwaambie kabla ya sikukuu au nisubiri wavuke barabara wenyewe Januari? Muuzaji anataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha.

Wako,
Dada wa kaunta