Kwaya ya mgeni rasmi si somo la muziki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie muziki katika shule zetu za msingi. Mimi ni mwalimu, nipo mkoani Dodoma, na somo hili nililisomea chuoni.

Najua nitajibiwa kwamba shule zetu zinaimba kutwa. Kweli zinaimba. Asubuhi mstarini kuna Wimbo wa Taifa, kuna mchakamchaka, darasa la kwanza wanahesabu kwa kuimba. Siku ya mahafali, au kiongozi akija kuzindua matundu ya vyoo, kwaya imeshajipanga tangu saa mbili ikimsubiri anayefika saa sita. Lakini itazameni kwaya yenyewe. Ni watoto thelathini katika shule ya watoto mia nane. Wamechaguliwa kwa sauti zao, wakakaririshwa wimbo mmoja wenye jina la mgeni rasmi na maombi ya madawati, maji na uzio. Ili waujue, wametolewa darasani wiki nzima. Mgeni akishaondoka, mazoezi yameisha mpaka atakapotangazwa mwingine. Wale mia saba na ushee waliobaki wamejifunza jambo moja tu, kwamba kuimba ni kazi ya wengine.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu, na muziki umo ndani yake. Kwa hiyo tatizo si mtaala. Tatizo ni kwamba mwalimu anaulizwa ufaulu wa mtihani wa darasa la saba, na katika mtihani huo muziki hauna karatasi yake. Ikikaribia mitihani, kipindi cha kwanza kutolewa kafara ni hicho. Mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo na ratiba, anapita na kusema, "Mwalimu, hiki tuwaachie Hisabati," na ratiba ukutani inabaki vilevile. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wanakuta azimio la kazi limejazwa, andalio la somo lipo, kila kitu safi.

Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba walipokuwa shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Siku hiyo ndipo alipotangaza kuanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Zaidi ya miaka 60 imepita, na mimi ninaishi katikati ya Wagogo, watu wenye muziki ambao wageni huvuka bahari kuja kuusikiliza. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya. Ngoma za muheme hapa hupigwa na wanawake, tena kwa ufundi ambao ukijaribu kuuandika kwa nota utatokwa jasho. Bibi wa mtoto anaweza kuwa mpigaji hodari, na mjukuu wake akamaliza shule bila mwalimu hata mmoja kuligusa jambo hilo.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapowaumiza watoto bila kujua. Ilimba ya Kigogo haikupangwa sauti kama kinanda. Inafuata zile sauti ndogondogo za asili zinazojificha ndani ya mlio mmoja wa uzi. Kwa solfa tungesema inakaribia do, re, mi, so, kisha ta, ila ta yenyewe iko chini kidogo ya ile ya kinanda. Mtoto aliyelelewa na sauti hizo akiimba mbele ya mwalimu mwenye kinanda cha betri ataambiwa ametoka nje ya sauti. Hajatoka. Kinanda ndicho hakina sauti anayoiimba. Mwalimu asiyelijua hili humsogeza mtoto nyuma ya mstari na kumwambia apige makofi tu, na huyo hatafungua mdomo tena mpaka anazeeka.

Kosa jingine ni letu walimu wa kiume. Tunaanzisha wimbo kwa besi zetu, watoto wanashindwa kushuka huko, wanabaki kunguruma, nasi tunaandika kwamba darasa halina sauti. Pandisha wimbo ngazi nne au tano za sauti, darasa hilohilo litakushangaza. Na tuache kuwahimiza wapaze sauti mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Huko ni kupiga kelele, na koo za watoto zinaumia.

Watasema hatuna vifaa. Nina darasa la nne lenye watoto themanini, na sijawahi kununuliwa hata filimbi. Tunaanza na miguu: wote wanakanyaga pigo moja, lisiende mbio wala lisilale. Likishatulia, upande wa dirishani wanapiga makofi mawili katika kila pigo, upande wa mlangoni wanapiga matatu. Mara ya kwanza ni vurugu tupu. Wakishaipata, hakuna anayetaka kuacha, maana tatu juu ya mbili ndiyo ngoma zenyewe wanazozisikia kwenye sherehe za jando. Baadaye tunaingia solfa kwa ishara za mikono, ile iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19 na ikafika kwetu na wamisionari. Watoto wa kwaya za kanisani huwa wameshaionja na wanawasaidia wenzao. Manyanga tunatengeneza kwa makopo na punje za mahindi. (Punje zisizidi robo ya kopo. Ukijaza, mlio unakufa.)

Wapo wazazi wanaosita kuhusu ala kwa sababu za dini, nami nawaheshimu. Sauti na viganja vinatosha kabisa kufundishia. Isitoshe, mtoto aliyezoea kaswida madrasa anakuja akijua zamu ya kiongozi na zamu ya waitikiaji kuliko mimi nilivyojua nikiwa mwanachuo.

Sitautetea muziki kwa kudai kwamba unapandisha alama za Hisabati. Hoja hiyo naisikia kila semina na inanichosha. Hatuulizi Hisabati inasaidia nini katika muziki. Mtoto anafundishwa muziki ili aujue muziki: asikie, aimbe, apige, na akisikiliza kitu redioni ajue kinachofanyika ndani yake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya. Walimu waliosomea sanaa na muziki, hasa wale wa Chuo cha Ualimu Butimba pale Mwanza, wapangwe kufundisha walichosomea, badala ya kupewa Sayansi kwa kuwa ndiyo yenye upungufu, kisha wakakumbukwa wiki ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Mbinu ya mgeni mwalikwa, ambayo sote tuliifundishwa chuoni, itumike kumleta darasani fundi wa zeze au mama wa muheme wa kijiji hicho, na kamati ya shule imfikirie nauli na chakula cha mchana kama inavyofanya kwa wageni wengine. Walimu wakuu nao wakatae kipindi kisichukuliwe. Somo lenye vipindi vichache kwa wiki likinyang'anywa kimoja, limebaki jina.

Kwa wathibiti ubora nina ombi moja. Mkifika shuleni na kukabidhiwa andalio la somo la muziki, msiweke saini kwanza. Ombeni mpelekwe darasa lolote, wasiitwe wanakwaya, na darasa zima liwaimbie wimbo mmoja kwa sauti mbili.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Dodoma