Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Kiwira leteni Mbeya, ila mbasa wa Kyela mtuachie

Shikamoo Mheshimiwa Waziri. Mimi mtu wa Kyela ila kwa sasa napambana hapa Mbeya mjini, kwaiyo hili la kuleta maji ya mto Kiwira jijini linanigusa huku na huku. Niseme mapema sipingi mradi, nani apinge, huku mtaani maji yakitoka usiku wa manane watu wanaamka kukinga kila chombo mpaka masufuria. Leteni maji.

Ila huo mto haujaishia Rungwe. Ukishapita Daraja la Mungu unashuka mpaka kwetu Kyela, unaingia Ziwa Nyasa, na huko kuna samaki wetu mbasa. Mbasa anaishi ziwani lakini mvua zikikolea anaingia mtoni anapanda kwenda kutaga, anatafuta sehemu maji yanakimbia na chini kuna changarawe safi. Mayai yanakaa katikati ya vile vijiwe, yanapata hewa kwa hayo maji yanayopita. Sasa katapila likikata mlima kuchimbia bomba, udongo ukasukumwa tu mtoni maana ndo rahisi, lile tope linaenda kutulia juu ya changarawe na mayai yanafia humo humo. Na huwezi kuona kitu, mto unatembea kama kawaida, utashangaa tu baadae nyavu zinatoka tupu alafu lawama zote anabebeshwa mvuvi.

Najua wataalamu wakisikia samaki watasema basi tutajenga ngazi ya samaki kupandia pale kwenye dakio, yaani pale maji yatakapochotwa mtoni. Asanteni, ila mbasa hapandi mpaka huko milimani, sasa hiyo ngazi ataipanda nani? Yeye anataka vitu viwili, tope lisimfikie, na maji ya maana yabaki mtoni Septemba mpaka Novemba kabla mvua hazijarudi.

Hapo kwenye maji kubaki ndo nina wasiwasi zaidi. Ruaha Mkuu, mto mkubwa vile, tangu 1993 unakatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi na samaki wanafia humo, na sidhani kama kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo, kila banio la kuchepushia maji mashambani kule juu Usangu lilichukua kidogo tu.

Na sheria mnayo wenyewe, ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ya mazingira yamewekwa nafasi ya pili baada ya matumizi ya nyumbani, shughuli za uchumi zinafuata nyuma. Sasa bomba likishafika jijini sio yote yanaenda jikoni, kuna viwanda, kuna wanaoosha magari, na hao kisheria mto unawatangulia.

Ombi langu ni dogo mheshimiwa. Udongo wa kuchimba umwagwe mbali na mto, ile mita 60 ya sheria ya mazingira iheshimiwe na mkandarasi pia sio mkulima wa bustani peke yake. Alafu pale kwenye dakio pigeni mstari wa rangi nyekundu ukutani, maji yakishuka hapo pampu inapunguza, iwe kiangazi iwe uchaguzi. Na kama kiwango hicho tayari kipo kwenye kibali cha kuchukua maji cha bodi ya bonde basi kibandikwe tu ofisi za kata kule Kyela, karatasi moja na gundi.