Barua kwa Mwanahawa kutoka Madurai

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi. Mama hajambo. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji na bandeji imetolewa, la kushoto tunasubiri zamu. Alipoanza kuona vizuri, neno la kwanza ni kwamba nimenenepa. Basi huyo kapona.

Uliniomba picha za hekalu la Meenakshi, mungu wa kike wa Wahindu, hapa Madurai, kusini mwa India. Za ndani huzipati. Simu zinaachwa nje pamoja na viatu, na mlangoni askari wanapekua hadi pochi. Kwa hiyo nakuandikia, wewe mchora ramani utajichorea mwenyewe.

Hekalu liko katikati ya mji, na mitaa imelizunguka mraba nje ya mraba, ikiitwa kwa majina ya miezi ya Kitamil: Chithirai, Avani, Masi. Minara ni 14. Ule wa kusini ndio mrefu, unakaribia mita 52, ulijengwa mwaka 1559. Chini ni mawe ya matale, juu matofali na chokaa, na sanamu za miungu, mapepo na wanyama zimejazana hakuna pa kuweka kidole, na zimepakwa rangi zote unazozijua.

Sasa sikiliza kinachonisumbua. Minara mikubwa yote iko kwenye malango ya nje! Unavyozidi kuingia, dari inashuka, mwanga unapungua, na kwake mwenyewe Bibi Meenakshi ni chumba kidogo cha mawe, giza, taa za mafuta. Juu yake kuna kuba dogo lililofunikwa dhahabu, ila ukiwa mtaani hulioni. Mimi sikuingia humo, asiye wa dini yao anaishia nje; nesi wa mama ndiye aliyenisimulia. (Hata wao kwa wao, watu wa tabaka la chini walikuwa wakizuiwa kuingia hekaluni mpaka mwaka 1939.) Sababu yenyewe ni kwamba chumba kitakatifu hakiguswi ovyo, kwa hiyo kila mtawala aliyetaka jina aliongeza ukuta na mnara kwa nje. Sehemu kubwa ya tunayoyaona leo ni kazi ya watawala wa Nayak, karne ya 16 na 17.

Mume wa Meenakshi ni Sundareswarar, yaani mungu Shiva. Naye ana sehemu yake humo humo, lakini watu humsalimu mke kwanza. Na kila usiku, kabla ya kufunga, mume anabebwa kwenye machela kwa ngoma na tarumbeta hadi chumba cha kulala cha mkewe, asubuhi anarudishwa kwake. Mume ndiye anayefuata! Nilipomwambia mama akasema, "Basi hati ya nyumba ina jina la mwanamke."

Kuna ukumbi wanauita wa nguzo elfu, kumbe nguzo ni 985. Mafundi ni ndugu dunia nzima. Kuna na bwawa lenye ngazi pande zote, na wanasimulia kwamba zamani washairi walikuwa wakiweka kazi zao juu ya maji: shairi bovu linazama, zuri linaelea. Nikamkumbuka Shomari na daftari lake. Usimwambie.

Nakuja kwenye shida yangu. Fundi anayenijengea nyumba huko kwetu amenitumia bei ya geti. Nguzo mbili, simba wawili juu, taa. Na jikoni hakuna bati! Nami tangu nimeona minara hii kila nikifikiria geti lile nacheka na kukasirika pamoja. Wafalme wale walijenga malango wakati chumba cha ndani kipo tayari. Mimi nina lango la kufungia nini? Nenda kamsimamishe tafadhali, wewe anakuogopa. Bati kwanza, kisha dirisha la chumba cha mama, maana macho mapya hayatakubali giza.

Je, ile saruji iliyobaki bado ipo, au imeshageuka jiwe? Nani anakaa na ufunguo wa stoo? Arusi ya Zuhura imesogezwa au ndiyo ile ile tarehe? Unataka kanga, samahani, unataka sari ya rangi gani, na usiniambie "yoyote"? Na mbona siku zote hizi umenyamaza, nimekukosea nini?

Mama anakusalimu.

Rafiki yako,
Rehema