Jamani tuliokoe gazeti letu kabla mchwa hawajalimaliza

Ndugu zangu wa Mabatini, Igogo, Mirongo hapa Mwanza na nyie mlioko Dar na kwingine, naombeni dakika mbili tu.

Mnalikumbuka lile gazeti letu la kudurufu? Vyama vingi vilipoingia 1992 kila mtu akawa na la kusema, magazeti ya Dar yakaongezeka kweli ila yakifika Mwanza yashachelewa na habari zetu hazimo, ndo kaka zetu wakaazima mashine wakawa wanachapa usiku kwa stensili, asubuhi sisi watoto tunazungusha mpaka soko la Mwaloni, vidole vyeusi kwa wino. Humo utakuta bei ya dagaa, dumu la maji shilingi ngapi, machinga wamefukuzwa wapi, na ile habari ya mapanki siisahau, kwamba minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya halafu sisi wenye ziwa tunagombania vichwa na mifupa. Nani mwingine alikuwa anaandika tunakula nini?

Halikudumu, miaka mitatu hivi. Matangazo hakuna, karatasi zikapanda bei, basi. Nakala nyingi zikaishia kufungia karanga na vitumbua. Tulizonazo ni 17, ziko kwenye boksi la sabuni chumba cha nyuma cha maktaba yetu ya mtaa, paa linavuja na mchwa washaanza kula pembeni.

Moja ndo inaninyima usingizi. Ni toleo la mwisho, lile la baada ya meli ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996. Watu walikuwa wanaleta majina ya ndugu zao kwenye vikaratasi, vijana wakayachapa yote, kurasa mbili majina matupu, na nakala iliyobaki ni hiyo hiyo moja. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja toka Igoma, akapitisha kidole polepole mpaka kwenye jina la kaka yake, akakiacha pale muda mrefu hasemi kitu. Kaka yake hakuopolewa, hana kaburi la kwenda kufagia.

Erica Fiah, mtu mwenye kiduka chake tu, alianzisha gazeti la Kwetu pale Dar 1937 na leo bado linasomwa kwasababu kuna waliotunza nakala. Na sisi tutunze za kwetu.

Tunahitaji kabati la chuma, bati za kuziba paa, na hela ya kumlipa kijana mwenye skana azipige zote. Jumla ni 1,400,000/=, mpaka jana tumefikisha 385,000/=. Elfu mbili, elfu tano, ulichonacho, mkabidhi mweka hazina wetu na udai risiti, ni haki yako. Fundi bati pia tunakukaribisha, njoo na nyundo yako. Na kama marehemu baba au babu aliacha nakala kwenye sanduku, hata iliyochanika, tuletee tuipige picha tukurudishie.

Tunakutana Jumapili hii saa kumi jioni palepale maktaba. Masika yanakaribia na lile boksi liko chini ya tundu.