YAH: MALALAMIKO KUHUSU ORODHA KUNJUZI ILIYOFUTIKA NA LUGHA YA DHARAU

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kuhusu mfumo wenu wa kutunza taarifa za wateja, tunaoulipia ada ya mwezi, kwa sababu simu zetu sasa hampokei.

Tiketi ya malalamiko mnayo, mkataba mnaujua. Kijana wetu alituma kwa API yenu (njia ya programu moja kutuma maagizo kwa nyingine) ombi la kuongeza Goba, Madale na Chanika kwenye orodha kunjuzi, ile ya kubofya na kuchagua, ya "Eneo la kupeleka gesi". Mfumo ukajibu kwamba imefanikiwa. Kumbe umefuta yote yaliyokuwapo: Mbagala, Kijichi, Tabata, Kinyerezi. Wateja wa huko wote wakabaki na sehemu tupu. Bodaboda zimeshapakia mitungi, hakuna anayejua aelekee wapi.

Nikapiga simu. Msimamizi wenu akacheka, akasema, "Mama, haya mambo waachieni wanaoyajua."

Wanaoyajua ni akina nani, wakati mwongozo wenu unasema tu "sasisha chaguo"? Hausemi popote kwamba orodha inayotumwa inachukua nafasi ya ile ya zamani nzima, kwamba ni lazima kwanza uisome yote, uongeze jipya, ndipo uirudishe yote. Hilo alikuja kutueleza fundi wenu wa zamu ya usiku (huyo Mungu ambariki), tukiwa tumeshaijaza upya Mbagala kwa mkono na mfumo umeipa kitambulisho kingine, kumbukumbu za zamani haziitambui.

Na ile simu ilikuwa kwenye spika. Wateja wako kaunta, vijana wangu wamesimama mlangoni, mtu wa umri wa mwanangu anacheka: "Mama, haya mambo waachieni wanaoyajua." Kisha akaniwekea muziki. Hakurudi. Jioni tiketi ikasomeka "imetatuliwa". Imetatuliwa na nani?

Naomba mturudishie orodha kutoka nakala rudufu, kila mteja na eneo lake, vitambulisho vilevile. Ada ya mwezi orodha ilipofutika irudishwe. Msimamizi aniombe radhi kwa maandishi. Tena ada pekee haitoshi, mtalipa na oda zilizotupotea. Nikikaa siku saba bila jibu, nakala ya barua hii itafika Tume ya Ushindani, notisi ya wakili itawafuata, na taarifa za wateja wetu tutazihamishia kwingine. Mkituzuia kuzichukua, tutakutana mahakamani.

Wenu,
Mmiliki, duka la gesi,
Tabata.