Kuanguka sikuanguka

Nairobi, Julai

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nasikia habari zangu zimefika Mombasa kabla ya barua, tena zimenenepa njiani: ati ndege imeanguka, ati nimevunjika mguu. Mguu ninao. Injini ilizima tukiwa angani, hilo kweli, lakini kuanguka sikuanguka.

Unaijua Julai ya huku, baridi na mawingu ya chini tangu alfajiri. Tuliruka kutoka uwanja wa Wilson, mimi na mwalimu wangu wa urubani, kwa Cessna 172, tukavuka mbuga kuelekea Kajiado, tunakofanyia mazoezi. Tulikuwa kama futi 2,000 juu ya ardhi mshale wa mizunguko ya injini ulipoanza kushuka, polepole, kisha injini ikatetemeka. Mwalimu akavuta kishikio cha kuingizia injini hewa ya moto. Ikakohoa zaidi, ikazima.

Basi shoga, ndege haidondoki. Propela iliendelea kuzungushwa na upepo, nawe unainamisha pua mpaka upate kasi yake, kama kilomita 120 kwa saa, inateleza yenyewe. Kwa urefu ule tulikuwa na kama kilomita 5 za kuteleza, na muda usiofika dakika tatu. Kilichonishtua ni upepo kupiga mluzi mlangoni. Siku zote injini huufunika.

"Ishike wewe, redio naichukua mimi," akasema. Akaita Mayday mara tatu kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mimi nikageukia kile kiwanja kidogo cha Orly. Akajaribu kuwasha tena, akagusa tangi, magneto za kutoa cheche, kila kitu, wapi! Akafunga mafuta, akaniambia nilegeze mlango kabla hatujagusa chini, usije ukajipinda tukanasa ndani. Nilikuwa juu mno, nikashusha flapu zote, yale mabapa ya nyuma ya mabawa, ili tushuke upesi. Mkono wake ulikaa karibu kabisa na usukani wa upande wake, lakini hakuushika. Tukagusa, tukadunda, tukabiringika hadi tukasimama. Magoti yalinicheza baadaye, nilipokwisha kushuka.

Sasa sikiliza kinachoniudhi. Fundi alipofika, injini ikawaka mara moja! Anasema ni barafu ya kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa: petroli ikigeuka mvuke hupoza hewa inayopita, na hewa ikiwa na unyevu, barafu huganda mle ndani hata kama nje kuna nyuzi 15. Hujaa kooni, injini ikakosa pumzi. Mpaka yeye anafungua, imeshayeyuka. Hakuna chuma kilichovunjika, hakuna cha kuonyesha mtu.

Na Mama anataka kuonyeshwa. Nikimwambia barafu, ananijibu Nairobi hakuna barafu, nani ananidanganya. Tafadhali mpitie jioni moja umweleze, wewe anakusikiliza. Alhamisi naruka tena na mwalimu yuleyule, lakini hilo niachie nimwambie mwenyewe.

Wako,
Rukia