Mimba zako hazina kosa

Walukuba, Jinja

Mama Sauda mpenzi,

Poleni tena na msiba. Tangu tulipoongea kwa simu sijatulia. Arobaini ya dada yako aliyechukuliwa na kansa ya matiti haijafika, tayari wanawake wamekukalia mkekani kukuambia wewe ndiye unayefuata, eti mimba zako mbili zilizoharibika zimeacha uchafu tumboni na uchafu huo utapanda kifuani, kwenye ziwa. Hivi tumbo na ziwa vina bomba?

Jambo hilo lilishachunguzwa. Mwaka 2004 wataalamu walikusanya tafiti za nchi 16, zenye wagonjwa wa kansa ya matiti wapatao 83,000. Mimba kuharibika, hata kutolewa, haikuonekana kuongeza hatari. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba unajilaumu.

Uzazi una mchango wake, sikatai. Aliyezaa mapema, kabla ya miaka 20, kwa kawaida hatari yake ya uzeeni ni ndogo kuliko ya asiyezaa au aliyeanza baada ya 35. Ziwa linapojiandaa kutoa maziwa, chembe zake hukomaa. Lakini kinga hiyo haiji siku ya kujifungua. Miaka ya mwanzo baada ya kuzaa hatari hupanda kidogo kwanza, hasa kwa aliyechelewa. Kunyonyesha nako kunasaidia: kila miezi 12, hatari hupungua kwa asilimia 4 hivi. Na wewe, mwanao Sauda ulimnyonyesha miaka miwili kamili, mpaka tukakucheka.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mwaka juzi nilipapasa kinundu kwenye ziwa langu la kushoto. Nikakaa nacho miezi mitano. Nilijiambia mama wa watoto sita haugui kansa hiyo. Ujinga mtupu! Kumbe kuna aina kali, inayowapata zaidi wanawake weusi na vijana, ambayo wingi wa uzazi hauizuii. Nilipokwenda, walinipiga picha, wakachomoa kipande kwa sindano, nikasubiri majibu wiki mbili bila kulala. Kilikuwa uvimbe wa kawaida tu. Daktari aliniuliza kwa nini nilichelewa, nikaona haya kumjibu.

Kwako wewe, la kumwambia daktari ni habari ya dada yako. Ndugu wa tumbo moja akiugua, hatari yako huwa karibu mara mbili ya mwanamke mwingine, na akiugua angali kijana hivyo, hatari inazidi. Haimaanishi utaugua. Inamaanisha wakupime mapema, na wakueleze urudi kila baada ya muda gani.

Nitafika kwako Bombo Jumapili jioni, Jumatatu alfajiri tushike teksi twende Mulago, Kampala, kwenye taasisi ya kansa. Vaa blauzi ya vifungo mbele. Na zile karatasi za hospitali za dada yako, nasikia shemeji anataka kuzichoma pamoja na nguo kuukuu: mzuie. Ndani yake imeandikwa ilikuwa kansa ya aina gani, na hilo ndilo wataliuliza kwanza.

Wako,
Mama Hamza